Safari ya Brussels na Karatasi Zake

(Maneno yaliyosemwa na kamati ndogo ya safari katika mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Sisi watu watatu tuliochaguliwa kutayarisha safari ya wajumbe wetu tumekuja kutoa habari ya kazi tuliyofanya na kazi iliyobaki. Mwajua kwamba wenzetu wa reli huko Ubelgiji wametualika tupeleke watu wawili mjini Brussels, wiki ya pili ya mwezi wa Mei, wakakae siku sita. Watazungumza na wenzao juu ya usalama wa mafundi wa karakana na wa wale wanaounganisha mabehewa uwanjani. Hatuna haja ya kueleza kwa nini jambo hilo ni kubwa. Humu ndani wamo wanaume waliopoteza vidole, na mmoja aliyepoteza mguu.

Kabla ya yote twataka kusema habari ya ile safari iliyovunjika, maana twajua wengi wenu mmekuja kwa ajili hiyo. Mzee wetu mmoja wa kugeuza njia aliuliza katika mkutano uliopita, "Fedha zetu ziko wapi?" akaketi, na hakuna aliyemjibu. Leo twamjibu.

Fedha zile zilipotea kwa makosa yetu wenyewe. Tulitaka kumpeleka fundi mmoja wa breki katika mji mkuu wa nchi moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa kosa halikuwa lake. Mwaliko ulipofika tulikaa nao muda mrefu tukibishana nani aende. Tulipokwisha kuchagua zilibaki wiki tatu tu. Tukaanza kukimbia huku na huku. Mwaliko uliandikwa jina lake la ubatizo na jina la baba yake, lakini pasipoti ilikuwa na majina matatu na mpango mwingine. Barua ya ofisi ilisema ameruhusiwa mpaka tarehe 14. Hoteli ikasema atakaa mpaka tarehe 18. Tena, na hili ndilo linalotuaibisha zaidi, tuliona akaunti yake ya benki ni nyembamba, tukaazima shilingi laki mbili tukazitia humo siku tatu kabla ya kupeleka maombi. Tulidhani tunamsaidia. Yule aliyesoma karatasi zile aliona mtu ambaye kila mwezi hubakiwa na shilingi elfu mbili au tatu, halafu kwa ghafula ana laki mbili zisizojulikana zimetoka wapi. Wewe ungekuwa mahali pake ungesemaje?

Alikataliwa. Ada ya viza hairudishwi mtu akikataliwa. Bima ilikuwa imelipwa. Tiketi tulikuwa tumeinunua kabisa, tena ile ya bei rahisi isiyorudishiwa fedha. Yale yaliyokatwa katika mishahara yenu miezi minne yalikwisha hivyo, na fundi wetu hakuona hata ngazi ya ndege. Kuna nchi ambazo fomu zao humwuliza mtu kama amepata kukataliwa viza, naye itampasa kujibu ndiyo, maana akisema uongo atajiharibia zaidi. Basi hasara ile chama kimeigawana, lakini doa limebaki kwake peke yake. Tumekwenda nyumbani kwake tukamwomba radhi mbele ya mkewe.

Sasa tuingie katika safari hii.

Jambo la kwanza ni kujua viza yenyewe ni ya namna gani. Mtu anayekwenda Brussels kwa siku chache huomba ile iitwayo viza ya Schengen. Schengen ni kijiji kidogo katika nchi ya Luxembourg. Hapo, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano zilitia sahihi mapatano ya kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo kati yao: Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi. Hivi leo nchi zilizomo ni 29. Kwa hiyo mjumbe akishuka Paris au Amsterdam anaweza kupanda gari la moshi mpaka Brussels kwa viza ile ile. Uingereza haimo, na ndugu aliyetushauri kwamba wajumbe wapitie London kwa kuwa nauli ni nafuu, twamwomba asikasirike. Kupita London tu kwaweza kudai karatasi nyingine, ada nyingine na wiki nyingine za kungoja. Nafuu hiyo si nafuu.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha ya safari, wala si lazima iwe nchi ile ambayo ndege inatua kwanza. Hata wajumbe wakitua Paris, kazi yao iko Brussels, basi wanaomba kwa Ubelgiji. Tumewasikia watu wakisema kwamba ubalozi wa nchi fulani ni mwepesi, tuombe huko kisha tuende tunakotaka. Hapana. Askari wa mpakani atauliza, "Waenda wapi?" na mjumbe atajibu nini? Vile vile wako waliosema tuandike kwamba wajumbe ni watalii, eti watalii hawasumbuliwi. Ndugu zetu, fundi wa karakana aliyekwenda kutazama majumba mwezi wa Mei, na barua ya mwaliko ya chama cha wafanyakazi iko mfukoni mwake! Tutaandika kweli: safari ya kikazi, mikutano na mazungumzo. Viza hiyo haimruhusu mtu kuajiriwa huko wala kupokea ujira, na wajumbe wetu hawatafuta ujira.

Jambo la pili ni siku. Kanuni zasema maombi yaweza kupelekwa tangu miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Jibu kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini wakitaka kuchunguza zaidi waweza kuchukua mpaka siku 45. Hapo ndipo watu hujidanganya. Husoma ile 15, hawasomi ile 45. Sisi tumehesabu kama mtu apangaye ratiba ya magari ya moshi katika njia moja: gari la mbele likichelewa, lile la nyuma lasimama. Tumeanza na siku ya kuondoka tukarudi nyuma siku 45, tukaongeza wiki tatu za kungoja nafasi ya kupokewa, maana siku hizi hupokewi mpaka uwe umeandikiwa siku na saa. Kwa hesabu hiyo karatasi zote ziwe mezani kwetu mwisho wa mwezi wa Februari. Si Machi.

Pasipoti. Mmoja wa wajumbe anayo, mwingine hana. Aliye nayo tumeitazama kwa makini. Inatakiwa iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka katika nchi zile. Yake iko sawa. Asiye nayo ataomba kwa njia ya eCitizen, kisha aende mwenyewe Nyayo House kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Tumemwambia aanze wiki hii, na Katibu ametoa siku moja ya ruhusa. Pale nje ya majengo kama hayo utakutana na vijana waliovaa vizuri, wakuambie wanamjua mkubwa ndani, toa chai kidogo yako itoke mbele. Mjumbe wetu asimpe mtu huyo hata senti. Fedha za chama hazina risiti ya chai.

Tukifika kwenye majina, hapa wengi wetu tumesoma shule za misheni, na twajua mambo ya majina. Padre alikubatiza jina moja, mama anakuita jingine, cheti cha kuzaliwa kina mpango wake na kitambulisho kina mpango wake, na kwenye orodha ya mshahara karani ameacha herufi moja tangu siku uliyoajiriwa, nawe ukanyamaza kwa kuwa fedha zinaingia. Kazini haidhuru. Katika maombi ya viza yadhuru sana. Tumeshika kanuni moja: jina ni lile lililo katika pasipoti, herufi kwa herufi, na mpango ni ule ule. Tumewaandikia wenzetu wa Ubelgiji watume mwaliko upya, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa na jina la mjumbe mmoja limegeuzwa. Waliona ni jambo dogo, lakini wametuma.

Mwaliko huo mpya uko vizuri. Unasema ni nani anayealika, anamwalika nani, kwa kazi gani, kutoka tarehe ipi mpaka ipi, na nani atalipa nini. Wao watalipa malazi na chakula. Sisi tutalipa nauli, bima na ada. Maneno hayo hayo yamo katika barua ya chama chetu, na yatakuwa katika barua ya mwajiri. Ofisi ya wafanyakazi imeahidi kutuandikia kwamba wajumbe wameajiriwa tangu mwaka fulani, mshahara wao ni kiasi fulani, wameruhusiwa siku hizo kwa kazi ya chama, na nafasi zao zitawangoja. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi lakini ina uzito kuliko zote. Anayesoma maombi anatafuta jibu la swali moja: mtu huyu atarudi kwao?

Basi katika habari ya fedha tumekataa kuazima. Kila mjumbe ataonyesha karatasi zake za mshahara na hesabu ya benki ya miezi sita jinsi zilivyo. Mshahara mdogo unaoingia kila mwezi siku ile ile, na kukatwa mkopo wa ushirika wa akiba, na ada za shule za watoto, ni ushahidi wa mtu mwenye kazi na jamaa. Mjumbe mmoja alisema anaona haya, deni lake la ushirika litaonekana. Tulimwambia, ndugu, safari hii hata deni lako linatusaidia, maana mtu mwenye deni hapa ana sababu ya kurudi. Alicheka lakini alikubali. Waongeze cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mwenye hati ya shamba ailete nakala. Chama nacho kitaonyesha hesabu yake ya benki, pamoja na nakala ya kumbukumbu za mkutano uliopitisha safari. Msione ajabu kwamba sahihi zenu za mahudhurio zitasomwa na mtu wa ubalozi.

Bima ya safari si hiari. Lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi, ifae katika nchi zote 29 na kwa siku zote za safari, na igharamie matibabu ya dharura, hospitali, na kurudishwa nyumbani mgonjwa au hata maiti. Tunasoma maneno hayo bila kupenda, lakini tusome. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu mwezi wa Juni 2024. Hapo kabla ilikuwa 80. Juu yake kuna malipo ya ile ofisi inayopokea maombi, kama ubalozi unatumia ofisi ya namna hiyo. Tiketi hatutainunua mpaka viza itoke. Tutashika nafasi tu na kutoa karatasi ya nafasi hiyo. Mweka hazina ameapa kwamba hatatoa hundi ya nauli kabla ya kuona viza kwa macho yake, na sisi tumemshika kwa kiapo hicho.

Siku ya kupeleka maombi kila mjumbe huenda mwenyewe, kwa kuwa ni mara ya kwanza na lazima atoe alama za vidole vyote kumi na picha ya uso. Alama hizo huhifadhiwa, na kwa muda wa miezi 59 zaweza kutumika tena asipigwe nyingine.

Hapa tulipata maneno makali katika kamati. Mmoja wetu aliuliza kwa nini mtu mzima asiye na kosa atoe vidole kama mwizi. Akakumbusha kwamba babu zetu waliofanya kazi katika reli hii wakati wa Mkoloni walibeba kipande shingoni ndani ya kibati, na ndani yake mlikuwa na alama za vidole, na jina la mwajiri, na mshahara. Mtu alipokamatwa bila kipande alifungwa au kutozwa faini. Hatukumpinga. Mambo ya vidole hayatupendezi hata leo, wala hatusemi yanatupendeza. Tulichomjibu ni kwamba katika jambo hili fomu twaijaza sisi wenyewe, kila neno twalijua, na wakimkataa mtu ni lazima wampe karatasi yenye sababu, naye ana haki ya kukata rufani kwa njia iliyoandikwa humo. Babu hakuwa na haki hiyo. Ndugu yetu alisema haki hiyo haiondoi uchungu. Ni kweli, na tumeandika maneno yake katika kumbukumbu.

Viza ikitoka, mjumbe asiitie mfukoni kwa furaha bila kuisoma. Kuna tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kutumika, na kuna hesabu ya siku za kukaa, na hizo mbili si kitu kimoja. Mtu aweza kuona viza yake ni hai kwa siku 21, kumbe ameruhusiwa kukaa siku sita tu ndani ya hizo 21. Akizidisha hata siku moja amevunja sheria. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi zile zilianza kuandika kuingia na kutoka kwa wageni katika mashine, mahali pa kupiga muhuri, na mashine haisahau kama karani. Pia viza si ahadi ya kuingia. Askari wa mpakani aweza kudai aone mwaliko, malazi, bima na tiketi ya kurudi. Kwa hiyo karatasi hizo zote zisafiri katika mfuko wa mkononi, zisiwekwe katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Kuhusu kufika kwenyewe tutasema machache. Kama watashuka Paris, gari la kasi kutoka stesheni ya Gare du Nord huchukua muda wa saa moja na nusu hivi mpaka Brussels. Stesheni watakayoshukia ina majina mawili, kwa sababu mji ule una lugha mbili: kwa Kifaransa ni Bruxelles-Midi na kwa Kiholanzi ni Brussel-Zuid. Ni mahali pamoja. Mjumbe asikae ndani ya behewa akingoja Midi huku gari limesimama Zuid. Watazame pia jambo moja la kufurahisha: motokaa za huko hupita upande wa kulia, lakini magari ya moshi hupita upande wa kushoto. Mtu wa reli anayevuka njia bila kukumbuka hilo ataangalia upande usiofaa. Upana wa njia zao ni milimita 1,435, sawa na njia yetu mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa, wala si ile ya mita moja ya zamani. Na kati ya Brussels na Mechelen ndiko lilikopita moja la magari ya kwanza ya moshi ya abiria katika bara la Ulaya, mwaka 1835, ukiacha Uingereza na visiwa vyake. Twatumaini wenzetu watawaonyesha. Mwezi wa Mei huko bado kuna baridi na mvua, basi wachukue sweta.

Limebaki neno moja ambalo halikusemwa wazi katika kamati, ingawa kila mtu alilifikiri. Mjumbe akifika huko akaamua kutorudi, je? Twajua mishahara yetu ni nini, twajua na mishahara ya huko ni nini. Hatumshuku yeyote wa hawa wawili. Lakini mmoja akipotea, barua ya mwajiri na barua ya chama zitakuwa zimesema uongo, na fundi wa kesho atakayeomba kwa karatasi kama hizo atakataliwa kabla hazijafunguliwa. Tumewauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Wamejibu. Kama kuna mwenye wazo hilo moyoni na ampishe mwingine sasa, hatutamdharau wala hatutauliza kwa nini.

Mzee wa kugeuza njia yupo hapa mbele, twamwona. Mzee, hesabu ya safari ile iliyovunjika iko katika karatasi mbili za kijani, na hesabu ya safari hii ambayo haijaanza iko katika ile nyeupe. Zote ziko juu ya meza ya Mweka hazina, na risiti zimebandikwa nyuma. Ziko mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha twazifungia kabatini. Anayetaka kuzisoma aje sasa, na miwani tunayo ya kuazimana.